Tangi la oksijeni au dawa za kila siku: ulinganisho kwa mwenye vidonda vya utumbo aliyeko Tanga

Mwezi uliopita mdogo wangu wa Pangani, mtoto wa mama mdogo, alinitumia video kwenye WhatsApp. Mtu kalala ndani ya bomba la kioo, ndilo hilo tangi la oksijeni, anachekelea, na maandishi chini yanadai oksijeni inaponya vidonda vya utumbo bila kumeza hata kidonge kimoja. Akaniandikia: "Dada, na hili wasemaje? Niuze mashine ya boti?"

Alijua kwa nini ananiuliza mimi. Mie nina vidonda vya utumbo mpana tangu 2016. Yeye ana ugonjwa wa Crohn, na kazi yake ni kupiga mbizi kutafuta pweza. Mji wetu husifiwa kwa "waja leo, waondoka leo", lakini ugonjwa huu ulipoingia kwetu haukuondoka. Nilimjibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika tatu, nikaona hautoshi, maana jibu langu na jibu lake si moja. Ndiyo sababu nimekaa nikaandika. Mimi si daktari. Ni mgonjwa aliyesoma sana kwa sababu ya kukaa sana chooni.

Kabla ya tangi, kabla ya kidonge

Haya ni magonjwa mawili yanayotajwa pamoja kama ndugu. Vidonda vya utumbo mpana, au kolaitisi ya vidonda, vinakaa kwenye utumbo mpana peke yake. Vinaanzia kwenye njia ya haja kubwa, vinapanda juu bila kuruka, na kwa kawaida vinachubua ngozi ya ndani tu. Crohn, aliyepewa jina la daktari wa New York aliyeueleza ugonjwa huo na wenzake mwaka 1932, anaweza kupiga popote kuanzia kinywani hadi kwenye haja. Anaruka sehemu na kuacha sehemu, na anachimba ukuta mzima wa utumbo mpaka anatoboa upande wa pili. Akitoboa karibu na njia ya haja, kinapatikana kijishimo cha pembeni kinachotoa usaha miezi na miezi. Kijishimo hicho nacho kinaitwa fistula. Si ile fistula ya uzazi tunayoisikia kwenye matangazo ya redio, ingawa jina ni lilelile, na mdogo wangu alitaniwa sana kwa ajili hiyo.

Hapa pwani kuna vitu vingine vinavyofanana na magonjwa haya. Mimi nilizungushwa mwaka mzima. Kila nikienda na damu kwenye choo, zahanati moja, nisiyoitaja, inanipa jibu moja: amiba. Nikapewa flajili mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Amiba wapo kweli na wanatoa damu kweli, lakini amiba anayekataa kuondoka kwa dozi nne anapaswa kuulizwa kitambulisho. Kifua kikuu cha tumbo kinapenda kukaa pale utumbo mdogo unapoungana na mpana, palepale anapopapenda Crohn, na kwa macho hata mtaalamu anaweza kuvichanganya. Kichocho cha utumbo kimezoeleka zaidi Kanda ya Ziwa kuliko huku kwetu kwenye kichocho cha mkojo, ila watu wanahama na minyoo yao.

Kwa nini naanza na hili wakati swali lilikuwa la tangi? Kwa sababu dawa ya kwanza ya mlipuko mkali, yaani ugonjwa unapowaka kwa nguvu, ni steroidi, dawa inayotuliza uvimbe kwa kuipunguza nguvu kinga ya mwili, na steroidi akipewa mtu mwenye amiba au kifua kikuu cha tumbo inaweza kummaliza. Kwa hiyo ukiwa na shilingi ya kutumia mara moja tu, itumie kwenye kolonoskopi, ile kamera inayoingizwa kwa nyuma, pamoja na kinyama kidogo kinachokatwa na kupelekwa maabara. Nilisafiri hadi Moshi kwa kazi hiyo, yapata kilomita 350, sawa na kwenda Dar. Yule wa kwenye bomba la kioo hakuulizwa popote kwenye ile video kama alipimwa.

Tangi linafanya nini

Kumweleza mpiga mbizi jambo hili ni rahisi. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21. Ukizama, kila mita 10 za maji ya bahari zinakuongezea angahewa 1 ya mgandamizo. Tangi la tiba linabanwa mpaka kiasi cha angahewa 2 hadi 2.5, yaani sawa na kushuka mita 10 hadi 15, na humo unavuta oksijeni tupu kwa saa moja hadi mbili. Kwa kawaida oksijeni karibu yote hupanda juu ya chembe nyekundu za damu. Ikibanwa hivyo inayeyuka kwenye maji ya damu yenyewe, kama gesi inavyoyeyuka ndani ya soda kabla hujafungua kizibo. Mwaka 1960 daktari wa upasuaji wa Amsterdam, Ite Boerema, alichapisha majaribio ambamo nguruwe waliotolewa karibu chembe zao zote nyekundu waliendelea kuishi ndani ya tangi kwa oksijeni iliyoyeyuka kwenye maji tu. (Samahani kwa kuwataja wanyama hao, lakini ndio waliotumika.)

Sasa utumbo unaingiaje? Utumbo uliowaka una njaa ya oksijeni: chembe za ulinzi zimejazana pale zikila kila kinachopita, na mishipa midogo imevurugika. Oksijeni ya mgandamizo inafika mahali palipokauka, inatuliza baadhi ya chembe hizo na inasaidia kidonda kufunga. Ndiyo maana matangi haya yanakubalika kwa vidonda vya miguu ya wagonjwa wa sukari, kwa majeraha ya mionzi, kwa sumu ya moshi wa mkaa, na kwa wapiga mbizi waliopanda haraka. Ila orodha ya chama cha Marekani cha madaktari wa fani hii, ambayo mabima ya kule huitazama, haina magonjwa yetu mawili. Yaani wazo lina mantiki, na bado halijapita mlango.

Watu 18 huku, watu 18 kule

Mtu akikwambia "imethibitishwa", muulize kwa watu wangapi. Mwaka 2018 Marekani walichapisha jaribio la wagonjwa wa kolaitisi ya vidonda waliolazwa na mlipuko mkali. Wote walikuwa kwenye steroidi ya mshipa. Kumi waliongezewa tangi la kweli, wanane waliingizwa kwenye tangi la kuigiza. Kufikia siku ya tano, watano kati ya wale kumi walikuwa wametulia, na katika wale wanane hakuna hata mmoja. Aliyehitaji kupandishwa kwenye dawa kali zaidi au kisu alikuwa mmoja katika kumi, dhidi ya watano katika wanane. Ukisoma hapo unataka kuuza mashine ya boti kweli.

Lakini jumla ni watu 18, na jaribio lilikatishwa mapema kwa kukosa wagonjwa wa kutosha. Miaka mitano kabla, 2013, Waswidi walikuwa wamechapisha lao, nalo lina wagonjwa 18 wenye mlipuko mkali. Hawakuona faida yoyote ya tangi. Watu 18 wanasema ndiyo, watu 18 wanasema hapana. Mbele ya hakimu hiyo ni kesi ya kuahirishwa.

Weka pembeni yake steroidi, dawa ya zamani isiyo na video. Mwaka 1955 Truelove na Witts wa Oxford walichapisha jaribio la kortisoni kwa wagonjwa 210 wa kolaitisi. Waliopewa kortisoni walitulia kiasi cha 41 katika kila 100, waliopewa kidonge bandia 16. Ni dawa yenye maudhi, nitayasema, lakini hakuna anayebishana kama inafanya kazi.

Na angalia kitu kimoja ambacho video ilikiruka: katika jaribio la 2018 tangi halikuchukua nafasi ya dawa hata siku moja. Lilipandishwa juu ya dawa. "Bila kumeza hata kidonge" ni maneno ya muuzaji.

Kwa mwenye utumbo kama wangu

Nikiweka njia zangu kando kwa kando, swali la kwanza ni hili: nazima moto, au nauzuia usiwake tena? Ni kazi mbili, na vifaa ni tofauti.

Kwa kuzuia, mkongwe wetu ni salfasalazini, iliyobuniwa na Mswidi Nanna Svartz miaka ya mwisho ya 1930. Ndiyo ninayomeza. Inatumika pia kwa ugonjwa wa viungo, kwa hiyo maduka makubwa ya dawa huijua. Inageuza mkojo kuwa rangi ya machungwa ya Muheza, usishtuke. Inapunguza foliki, vitamini ya kutengeneza damu, mwilini, kwa hiyo unaongezewa vidonge vya foliki, na kwa wanaume inaweza kupunguza mbegu kwa muda mpaka uiache. Kuna mambo mawili ya kuuliza kabla. Kama septrini ilikutoa mapele, sema, maana zina asili moja ya salfa. Na uliza kipimo cha G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu: upungufu wake tunao wengi watu wa pwani, ni urithi uliotokana na kuishi na malaria vizazi na vizazi, na ukiwa nao salfasalazini inaweza kuvunja damu yako. Mesalazini ni mjukuu wake, haina salfa na ina maudhi machache, ila bei yake inauma.

Kwa kuzima, ni prednisoloni ya kumeza, au haidrokotisoni ya mshipa ukilazwa. Nimeionja mara tatu. Wiki ya kwanza damu inakatika na unakula wali wa nazi kama hujawahi kuugua. Wiki ya nne uso umeumuka kama andazi, usingizi umepotea, sukari inapanda, na unamgombeza kila mtu hadi muuza maji. Haitakiwi kuwa ya kudumu, wala haiachwi ghafla. Inashushwa kidogo kidogo kwa ratiba ya daktari. Na kabla yake utibiwe minyoo, hasa ile midogo ya udongoni inayoitwa strongiloidi, ambayo steroidi huifungulia njia ikajaa mwili mzima.

Anayeshindwa kuishi bila prednisoloni hupandishwa kwenye azathioprini, kidonge cha kutuliza kinga ya mwili. Hiyo inataka subira ya miezi miwili mitatu kabla hujaona kitu, na damu yako ipimwe mara kwa mara kwa sababu inaweza kushusha chembe nyeupe. Juu yake kuna dawa za kibayolojia, zile zinazotengenezwa kwa kutumia chembe hai, nitazigusa kwenye habari ya mdogo wangu. Juu ya zote kuna kisu: kuondoa utumbo mpana wote. Watu wanaogopa, nami naogopa, lakini kwa kolaitisi ya vidonda kisu ndicho pekee kinachoondoa ugonjwa wa utumbo wenyewe. Utaishi na mfuko tumboni, angalau kwa kipindi, na utaishi.

Tangi liko wapi kwenye ngazi hii? Kwa kuzuia, halipo. Mwaka 2020 Wamarekani walewale walilinganisha siku tatu za tangi na siku tano kwa waliolazwa, wakaona siku tano zinafaa zaidi; lakini hiyo bado ni habari ya kuzima moto wodini. Kumwambia mtu aliyetulia nyumbani Chumbageni aende "akapige oksijeni" kila mwezi ili asirudiwe ni kumchotea maji kwa tenga.

Kwa kuzima, lina nafasi moja nyembamba: umelazwa, mlipuko ni mkali, steroidi ya mshipa imeanza, na hospitali hiyohiyo ina tangi la kweli na watu wanaolijua. Ondoa moja kati ya hayo na faida inayeyuka. Mgonjwa wa namna hiyo haondolewi kwenye kitanda cha hospitali akapandishwa basi kufuata tangi.

Hebu shika hesabu hii: haja sita au zaidi kwa siku zenye damu, pamoja na homa inayozidi 37.8, au moyo unaopiga zaidi ya 90 kwa dakika, au upungufu wa damu. Hizo ni alama za Truelove na Witts walewale, na mpaka leo zinatumika. Ukizifikia, siku hiyohiyo uende Bombo, hospitali yetu ya mkoa, au hospitali iliyo karibu nawe. Utumbo unaweza kutanuka na kupasuka, na hilo halingojei nafasi ya kikao.

Kwa mwenye fistula kama mdogo wangu

Hapa ndipo nilipolazimika kulegeza msimamo. Ushahidi wa tangi kwa fistula za Crohn una umri mrefu. Mwaka 1989 Marekani waliandika habari ya mgonjwa mwenye vidonda vibaya vya Crohn maeneo hayo, vilivyokataa kila kitu, vikafunga kwa oksijeni. Baadaye Amsterdam waliwapitisha wagonjwa 20 wenye fistula sugu kwenye vikao 40 kila mmoja, na wengi wao walipata nafuu, ingawa waliofunga kabisa walikuwa wachache. Kasoro ya jaribio hilo ni kwamba hapakuwa na kundi la kulinganisha, na hao wengi wao walikuwa tayari kwenye dawa nyingine. Hata hivyo, kidonda kisichopona ndicho hasa tangi linachokijua. Kama ningelazimishwa kusema ni nani kati yetu wawili alikuwa na haki ya kuitazama ile video mara mbili, ni yeye.

Sasa weka njia nyingine pembeni. Ya kwanza ni uzi. Daktari wa upasuaji anapitisha uzi laini kwenye tundu la fistula na kuuacha humo, ili usaha utoke na usijikusanye kuwa jipu. Ni ufundi wa kale. Maandishi ya Hippocrates wa Ugiriki yanautaja, enzi za nywele za farasi na uzi wa kitani. Nilimwambia mdogo wangu kwamba kama mkonge ungetumika, Tanga tungekuwa matajiri mara ya pili. Hakucheka. Uzi hauponyi peke yake, lakini bila uzi hivyo vingine vyote vinamwagwa juu ya jipu lililofungwa, ikiwemo oksijeni. Na ni upasuaji mdogo, ukitanguliwa na MRI, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, kuona njia zimepita wapi.

Ya pili ni antibiotiki za muda, na hapa ile flajili niliyoisema vibaya ina heshima yake, maana hupunguza usaha na maumivu. Ya tatu ni infliksimabu, dawa ya kibayolojia inayopitishwa kwa dripu wiki ya 0, ya 2 na ya 6, kisha kila wiki 8. Mwaka 1999 ilijaribiwa kwa wagonjwa 94 wenye fistula, nayo ilikuwa na kundi la kulinganisha: waliopata dozi ya kawaida, fistula zao zote zilifunga kwa kiasi cha 55 katika 100, na waliopata dawa bandia 13. Hiyo ndiyo tofauti ya ushahidi kati ya dripu na tangi kwa ugonjwa wake.

Infliksimabu nayo ina meno. Bei ni ya kukaa kitako. Kwa kawaida inahifadhiwa kwenye ubaridi wa kati ya nyuzi 2 na 8, na sisi tunajua joto la Februari na umeme wetu. Kubwa zaidi, inaamsha kifua kikuu kilicholala. Katika orodha ya 2021 hadi 2025 Shirika la Afya Duniani liliihesabu Tanzania miongoni mwa nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, kwa hiyo kipimo cha TB na cha homa ya ini B kabla ya dripu ya kwanza si mapambo. Kwa jambo hili moja tangi linashinda: oksijeni haiamshi TB.

Na kama unavuta sigara na una Crohn, acha leo. Sigara inamchochea Crohn kuliko chakula chochote unachokilaumu. Diklofenaki za kununua dukani kwa ajili ya mgongo nazo muwe mnaziogopa nyote, wa Crohn na wa kolaitisi.

Mafuta ya nazi, udi na tangi

Watu wanaona oksijeni ni hewa tu, kwa hiyo haina madhara. Masikio ndiyo huumia zaidi, na humo mpiga mbizi ana faida, anajua kuyazibua anaposhuka. Mwenye mafua haingii. Macho yanaweza kuanza kuona mbali kwa shida baada ya vikao vingi, kisha yanarudi yenyewe. Sukari inaweza kushuka kwa wanaotumia insulini. Mara chache sana oksijeni nyingi huleta degedege. Mwenye pafu lililotoboka ambalo halijatibiwa haingii kabisa, anaweza kufa.

Hatari inayonitisha mimi ni moto. Ndani ya oksijeni tupu, cheche ndogo inakula kila kitu kwa sekunde. Oktoba 1997 tangi liliungua Milan, Italia, watu 11 wakafa; mgonjwa aliingia na kikopo cha kupashia mikono joto. Januari 2025 mtoto wa miaka 5 alikufa ndani ya tangi huko Troy, Michigan. Ndiyo maana kituo kinachojiheshimu kitakuvua kila kitu na kukupa nguo ya pamba. Simu nje. Dera la nailoni nje. Mafuta ya nazi kichwani, losheni, manukato, nguo iliyofukizwa udi, vyote nje. Mwanamke wa Tanga akiruhusiwa kuingia tangini jinsi alivyotoka nyumbani, ajue ameingia pasipo na mwenyewe.

Kisha kuna mifuko. Hii ndiyo niliyogundua baada ya kuitazama upya ile video na kufuatisha tangazo lake. Wanaanza na picha ya bomba la kioo, kisha wanachouza ni mfuko laini wa zipu unaopulizwa kwa pampu mpaka kama angahewa 1.3. Hiyo ni sawa na kuzama mita 3, kina ambacho watoto wa Raskazone wanakigusa wakirushana majini. Mfuko ukijazwa hewa ya kawaida, oksijeni unayopata ni kama mtu anayevuta asilimia 27 hapa nje. Barakoa ya oksijeni ya wodini inakupa zaidi ya hapo ukiwa umelala zako. Majaribio yote niliyoyataja, mazuri na mabaya, hayakufanywa kwa mfuko. Nasikitika kusema hapa sina lugha ya upole.

Nauli na siku

Kwa upande wa pesa sitataja bei za vikao, zinabadilika. Nitahesabu siku. Vikao 40 vya fistula, siku tano kwa wiki, ni wiki nane. Kwa mtu wa Pangani ni miezi miwili nje ya nyumba: chumba, chakula, nauli, na pweza ambao hakuwashika. Pwani yetu, tangi la mgandamizo lililowahi kusikika ni la wapiga mbizi huko Unguja, na tangi la wapiga mbizi limewekwa limngoje mtu aliyepanda vibaya kutoka majini, si kumtibu mtu wa utumbo kwa miezi miwili. Piga simu kabla hujakata tiketi, popote pale. Bima nayo iulize kwa maandishi, si kwa mdomo wa mtu wa dirishani.

Siku hizohizo, kwa salfasalazini yangu, ni safari moja ya kliniki kila baada ya miezi mitatu na kipimo cha damu. Uzi wa fistula ni siku chache. Azathioprini ni subira ya nyumbani. Infliksimabu ni siku moja kila wiki nane, ila ile bei.

Basi kwa mwenye kolaitisi, tangi silipi hata nauli, isipokuwa nimelazwa na lipo ghorofa ya chini. Kwa mwenye fistula ya Crohn, nalipanga la mwisho kabla ya kukata tamaa: baada ya MRI, baada ya uzi, baada ya dripu kushindikana au kukosekana, huku dawa zikiendelea. Akifika hapo na akawa na mtu wa kumlipia, sitamzuia. Ila aulize: tangi ni gumu au mfuko, linafika angahewa ngapi, navuta oksijeni tupu au hewa, daktari gani anakaa nje ya mlango nikiwa ndani, na je mtaongea na daktari wangu wa utumbo. Wakijibu la mwisho kwa kusema huhitaji tena daktari wa utumbo, achukue kofia yake.

Mdogo wangu amewekewa uzi wiki iliyopita. Majibu ya TB bado. Mashine ya boti hajaiuza. Amemwazima shemeji yake kwa mgao wa samaki, na kila jioni anapiga simu kulalamika kwamba shemeji anaizima vibaya.